Safari ya Friendship, Penye Moshi wa Magobore

Niliondoka Cincinnati asubuhi mapema, mwezi wa Septemba, nikaingia Indiana, nikapita Aurora na Dillsboro, kisha nikaifuata barabara nambari 62 inayopindapinda kati ya vilima na mashamba ya mahindi hadi kijiji cha Friendship. Ni kijiji kidogo, na asiyekijua anaweza kukipita bila hata kupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nimeitamani safari hiyo kwa miaka mingi, kwa sababu hapo ndipo palipo na makao ya chama cha kitaifa cha Marekani cha wapiga magobore, kilichoanzishwa mwaka 1933, na uwanja wa Walter Cline, ambako kila Septemba watu hukutana kushindana kwa bunduki zinazojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu.

Nilizisikia kabla sijaziona. Mlio wa gobore ni mzito na mpana, unatoka kama pigo la ngoma kubwa, nao hukaa hewani kidogo kabla ya kufifia. Nilipoteremka garini karibu na kijito cha Laughery, harufu ya kiberiti ilikuwa imetanda bondeni, na juu ya mstari wa wapigaji moshi mweupe ulikuwa ukipanda taratibu na kuelea kuelekea kwenye miti.

Nilipokewa na bwana mmoja wa umri wa baba yangu, ambaye tulikuwa tumeandikiana barua kwa muda mrefu, na ambaye alikuwa amekubali kuniazima bunduki yake ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, na kusimama nami siku nzima. Bunduki hiyo ni ya mtindo uliobuniwa na mafundi wenye asili ya Kijerumani huko Pennsylvania katika karne ya 18: mtutu mrefu wenye mifereji inayozunguka kwa ndani, mti wa rangi ya asali, na kitako chembamba chenye mbonyeo wa kukaa begani. Kipenyo cha tundu la mtutu ni milimita 12.7. Nilipoipokea mikononi nilishangaa jinsi uzito ulivyokuwa mbele, karibu na mdomo wa mtutu, na nikatambua baadaye kwamba uzito huo ndio unaoituliza wakati wa kulenga.

Kabla hatujagusa baruti alinivalisha miwani na vizibo vya masikio, kisha tukaanza kushindilia. Kiswahili kina neno lake kwa karibu kila kipande cha kazi hii, na nilifurahi kuyataja moyoni kila mkono wangu ulipofika: mtambo wa kufyatulia, kifa (kibakuli kidogo cha baruti kando ya mtutu), mdeki (fimbo ya kushindilia), gumegume. Nilimimina baruti kutoka kwenye pembe hadi kwenye kipimo cha shaba, kama gramu 4.5, na kutoka kwenye kipimo hadi mtutuni. Kamwe hatukumimina kutoka kwenye pembe moja kwa moja, kwa kuwa cheche iliyosalia ndani kutokana na mlio uliotangulia inaweza kuiwasha pembe nzima mkononi mwa mtu. Baruti yenyewe ni ile nyeusi ya tangu zamani, ambayo kwa kawaida huwa na sehemu 75 za shura (chumvi ya baruti), 15 za makaa na 10 za kiberiti. Ile ya kisasa isiyotoa moshi haiwekwi humo hata chembe, kwani inaweza kuupasua mtutu.

Juu ya mdomo wa mtutu nilitandika kipande cha kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta, nikaweka juu yake risasi ya mviringo, ya madini laini ya risasi, ambayo mwenyeji wangu alikuwa ameisubu mwenyewe kwenye kalibu. Risasi ni nyembamba kidogo kuliko mtutu. Kitambaa ndicho kinachojaza nafasi iliyobaki, kikashika mifereji na kuizungusha risasi inapotoka. Kisha nikasukuma kwa mdeki, kwa hatua fupifupi, hadi alama iliyochongwa kwenye mti wa mdeki ilipolingana na mdomo wa mtutu. Alama hiyo ni jambo la uhai na kifo, kwa sababu risasi iliyoishia njiani, mbali na baruti, inaweza kuuharibu mtutu na kumjeruhi anayeushika.

Niliweka baruti laini kidogo kwenye kifa, nikasimama kulenga shabaha iliyokuwa yadi 50 mbele, kama mita 46, nikafyatua. Baruti ya kifani iliwaka kwa mmweko, na bunduki ikanyamaza.

“Usiishushe,” mzee alisema kwa upole. “Ielekeze huko huko.”

Tulisubiri dakika nzima. Moto unaweza kujificha ndani na kulipuka kwa kuchelewa, na dakika hiyo, huku mikono yangu ikianza kutetemeka kwa uzito, ilinifunza heshima kuliko maelezo yote niliyowahi kusoma. Baadaye alichokoa tundu la moto kwa waya mwembamba, akatoa kipande cha masizi, nikaweka baruti mpya kwenye kifa.

Safari hii nilikuwa makini na kile kitambo kilichopo kati ya kufyatua na mlio. Gumegume hugonga bamba la chuma, cheche huanguka kifani, mmweko hupenya tunduni, na ndipo baruti iliyomo ndani huwaka. Kwa bunduki nzuri mambo yote hayo huchukua muda mfupi mno, lakini mwili huuhisi, na anayelegea au kufumba macho ndani yake huwa ameshakosa. Nililenga, nikafyatua, nikaendelea kulenga kana kwamba sijafanya lolote. Mmweko ulipita mbele ya jicho langu la kulia, bega likasukumwa polepole, bila ukali, na moshi ukaifunika shabaha yote. Ilinibidi ningoje upepo uniambie nilichofanya. Moshi ulipofunguka, palikuwa na tundu jeusi la mviringo, upana wa vidole viwili kutoka katikati.

Sijawahi kufurahia tundu moja kiasi hicho. Tulikwenda kukiokota kile kitambaa majanini, hatua chache mbele ya mstari, baada ya uwanja kusimamishwa, na mzee akanionyesha jinsi ya kukisoma: alama ya msalaba iliyoachwa na mifereji, kingo zilizochakaa kidogo, katikati pazima pasipo kuungua. Hiyo ilikuwa dalili kwamba kitambaa na risasi vimekubaliana na mtutu.

Mchana nilipiga pia bunduki ya fataki, yaani inayowashwa kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kikigongwa, ya uzao uliofuata baada ya kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, kupata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali ya kugongwa mwaka 1807. Huwaka upesi zaidi na haijali sana unyevu, nami nilipiga vizuri zaidi kwayo. Hata hivyo niliomba kurudia ile ya gumegume, na hadi jua lilipoinama nilikuwa nimepiga mara 14 tu kwa siku nzima, kila mara nikipangusa mtutu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuujaza tena.

Mabaki ya baruti nyeusi huvuta maji ya hewani na kuleta kutu upesi, kwa hiyo tuliketi jioni na ndoo ya maji ya moto. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama wino, yakinuka yai bovu, ya pili ya kijivu, ya tatu karibu safi. Nilipitisha vitambaa vikavu kimoja baada ya kingine. Cha nne kilitoka cheupe, kikiwa na mstari mmoja hafifu ukingoni. Mzee alikigeuza kwenye mwanga uliobaki, akanirudishia mdeki, akasema, “Kimoja zaidi.”