Siku moja na chavua za msindano, Lushoto

Saa 12 asubuhi. Ukungu haujapanda, nami nimeshachanganya alikoholi sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja kwenye vichupa vya kuhifadhia koni dume, vile vishada vya mti vinavyobeba chavua. Harufu hunasa kwenye ushungi. Mama huniuliza kama nashinda nikipika achari.

Saa 1 na nusu, Shume. Mzee anayetupandia miti anapiga kelele toka juu: "Mwanangu, mbona hizi changa?" Changa ndizo nizitakazo. Koni dume ikishakuwa ya njano na kumwaga vumbi, mgawanyiko wa seli zinazozaa chavua, ndio ninaoutafuta, ulishapita zamani.

Saa 4, maabara. Napasua kifuko cha chavua, tone la asetokamini (rangi nyekundu), kioo juu, nabonyeza kwa gumba. Seli mama ya chavua ya msindano ina kromosomu 24, yaani nyuzi zinazobeba urithi. Hugawanyika mara mbili na kuzaa seli nne zenye 12 kila moja. Mara nyingi mti haukosei.

Saa 5 na dakika 20, kwenye hadubini, nampata aliyekosea: kromosomu moja. Wenzake wote wameshavutwa kwenye ncha mbili za seli, yeye kabaki katikati kama abiria aliyeachwa na basi. Asipodakwa na upande wowote, atajifungia kwenye kiini chake kidogo pembeni. Seli ya jirani ni mbaya zaidi: uzi mwekundu umetanda toka ncha hadi ncha. Hilo tunaliita daraja. Chavua za hesabu kombo namna hii nyingi hufa au hubaki tupu. Baridi ya ghafla wakati wa mgawanyiko inaweza kuleta haya, na usiku wa huku mnaujua.

Saa 7 umeme umekatika. Makande. Kijana wa mafunzo anauliza, "Dada, kila kosa ni kifo?" Nikamwambia habari za Cupressus dupreziana, saipresi wa Tassili n'Ajjer, jangwani Algeria. Chavua yake haipunguzi kromosomu: hubeba zote 22 badala ya 11. Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba kiinitete chake (mche mchanga ndani ya mbegu) hukua kutokana na chavua peke yake, hata ndani ya mbegu ya saipresi wa aina nyingine.

"Kwa hiyo mama kapangisha chumba tu?"

Nilicheka mpaka makande yakanipalia.

Saa 9 umeme umerudi. Sikuwa nimeziba kingo za kioo; rangi imekauka, daraja langu limeliwa na mapovu, na picha sikupiga. Uzembe wangu mwenyewe. Kifuko kingine, tone jingine.

Saa 11 kasoro robo nimeliona jingine. Nimepiga picha kwanza, ndipo nikavuta kiti.