Mistari Ambayo Mama Hakuweza Kuisoma

Jumamosi. Jirani wa nyumba ya tatu alitandaza vitu vya marehemu mama yake kwenye majani mbele ya nyumba, vya kuuzwa: sahani, mapazia, cherehani, katoni mbili za vitabu. Nilikwenda kwa ajili ya cherehani. Nikarudi na kitabu cha kumbukumbu za shule cha mwaka 1958, cha sekondari ya mji mdogo hapa hapa Ohio. Nilitoa dola moja.

Shule za Marekani hutoa vitabu vya namna hii kila mwaka: picha za wanafunzi, za timu, za kwaya, na mwanzoni picha za walimu, kila mmoja na somo lake limeandikwa chini. Kurasa za walimu ndizo zilizonishika. Kiingereza. Kilatini. Aljebra na jiometri, mama mmoja mwenye miwani. Uraia na historia ya Marekani. Sayansikimu, chumba chenye majiko sita na wasichana waliovaa aproni. Useremala na ufundi wa vyuma, wavulana watupu. Mwalimu wa fizikia ndiye pia kocha. Yuko hata mwalimu wa udereva, kasimama ubavuni mwa gari. Kisha mwanamke wa makamo mbele ya mashine za chapa zilizopangwa safu kwa safu: upigaji chapa na hatimkato, yaani maandishi ya alama fupi ya kunasa maneno mtu anapoyasema.

Pembeni ya picha yake kuna mistari minne ya wino, mikunjo na vijiduara vilivyoungana kama mawimbi madogo. Sikuweza kusoma hata neno moja, lakini nilijua ni nini.

Mama yangu ni mhazili mstaafu. Alisoma Chuo cha Uhazili Tabora, akatoka na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Tulipokuwa wadogo aliandika hivyo hata kwenye kalenda ya ukutani, nasi tukidhani wadudu wamepita na wino miguuni. Ukimuuliza ameandika nini, alijibu, "Ya wakubwa hayo."

Nikapiga picha ile mistari, nikamtumia kwenye simu. Huku saa nane mchana, kule saa tatu usiku. Alikuwa bado macho. Akanipigia.

"Mwanangu, hii si yetu. Huyu ni Gregg. Mimi ni Pitman."

Aliyasema kama mtu anayetaja ukoo. Nikamwomba anieleze, akaeleza kwa nusu saa, na nilimsikia akipata nguvu ambayo sijaisikia kwenye sauti yake tangu astaafu. Pitman ni ya Mwingereza, Isaac Pitman, iliyotoka mwaka 1837. Humo uzito wa mkono ndio herufi: mstari mwembamba ni p, huohuo ukiukandamiza unakuwa b. Mwembamba t, mnene d. Irabu ni nukta na vistari vya pembeni, na ukishazoea unaziacha, unasoma kwa akili. Gregg ni ya John Robert Gregg, mzaliwa wa Ireland, aliyechapisha yake mwaka 1888 kisha akahamia Marekani, na huko ndiko ilikoshika shule nyingi. Yeye hana unene. Ana urefu: mkunjo mfupi ni p, mrefu ni b. Kiduara kidogo ni e, kikubwa ni a, navyo vimo ndani ya neno, mkono hauinuki. Waingereza walikotawala walileta Pitman, kwa hiyo Tabora ikapata Pitman na Ohio ikapata Gregg, na mama yangu hawezi kumsoma msichana aliyeandika mistari ile, ingawa wote wawili walijifunza kazi ileile.

"Ila mkono wake mzuri," akasema. "Hakusita popote."

Baada ya kukata simu nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Mwaka huo wa masomo ulikuwa mzito kwa shule za nchi hii. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha setilaiti ya Sputnik, na ghafla kila mtu akawa na neno kuhusu walimu wa fizikia na hesabu. Septemba 1958 Rais Eisenhower akasaini sheria iliyomwaga fedha za serikali kuu kwenye sayansi, hesabu na lugha za kigeni. Kabla ya hapo, tangu 1917, fedha za shirikisho zilikuwa zikienda kwenye kilimo, ufundi na sayansikimu. Masomo ya ofisini hayakuwamo 1917 wala 1958. Ilibidi yasubiri hadi sheria ya mwaka 1963. Hili linaniuma, nalisema wazi. Binti wa mji mdogo aliyemaliza shule mwaka ule hakwenda kurusha roketi. Kwa wengi wao, kama si ndoa moja kwa moja, ilikuwa ofisi ya wakili, benki, au bima, na kilichowaingiza pale ni yule mwalimu wa hatimkato mwenye saa ya kupimia kasi mkononi, akisoma barua moja mara kumi, kila mara haraka zaidi.

Nilipitia pia sura zote, moja moja. Zote nyeupe. Mwaka huohuo wa masomo, Little Rock, Arkansas, wanafunzi 9 weusi waliingia Central High, sekondari iliyokuwa ya weupe tu, wakilindwa na wanajeshi, na mmoja wao, Ernest Green, akahitimu pale Mei 1958. Nimemfikiria binti mweusi wa umri wao mwenye maneno yake 100 kwa dakika, na ofisi ngapi zingemrudisha mlangoni kabla hajafungua daftari. Mwalimu anaweza kukupa kasi tu.

Jioni nikamrudishia jirani kitabu chake. Hakujua kuna maandishi humo. Aliyatazama sana, akapitisha kidole juu yake, akasema mama yake alifanya kazi mahakamani miaka mingi na hakuwahi kumwuliza mambo ya shule. Yupo shangazi yake, ana miaka themanini na kitu, huenda akaweza kusoma. Cherehani akanipa bure, nikakataa, tukavutana, nikalipa.

Asubuhi hii nimempigia tena mama. Nilimwuliza kama daftari zake bado zipo. Zipo, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nikamwomba achukue moja, yoyote, afungue popote, anisomee. Nilisikia bati likilia, nikasikia akitafuta miwani. Akasema, "Hii ni ya tisini na moja." Kisha akaanza, polepole, maana wino umefifia:

"Ada yako, nusu imelipwa. Ya dada yako, bado. Viatu jozi mbili. Mafuta ya taa. Nimwambie bosi naweza kuja na Jumamosi."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Hapa pana ya baba yako," akasema. "Hii siisomi."