Siku moja maishani mwangu: kuhesabu vinasaba kwa PCR ya wakati halisi

Saa 2 asubuhi. PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi ndani ya mashine; ya wakati halisi hukihesabu kadiri kinavyonakiliwa. Naanzia chumba safi, ambamo sampuli haiingii kamwe. Juu ya barafu nachanganya maji, praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili), probu (kipande kinachotoa mwanga kikikatwa) na Taq, kimeng'enya kinachojenga DNA mpya. Koti la humu halitoki humu. DNA kidogo tu ya kigeni ikipenya, mashine itaizidisha bila kuuliza imetoka wapi.

Saa 3 na nusu. Chumba cha pili: kutoa DNA kwenye damu. Himu, kemikali inayoipa damu wekundu wake, huizuia Taq kufanya kazi, kwa hiyo naisafisha vizuri, na kila sampuli naitia DNA nyingine ninayoijua, ya udhibiti wa ndani. Hiyo isipoonekana mwishoni, jibu la "hakuna" halina thamani.

Saa 5. Napakia sahani ya visima 96. Kila sampuli visima vitatu, kisha viwango vya kulinganishia, yaani DNA ya kiasi kinachojulikana, vilivyozimuliwa mara kumi kumi, kisha visima vya maji matupu. Wapo wanaovipunguza visima vya maji ili sampuli zaidi zienee. Mimi sikubali hata siku moja, kwani ndivyo vinavyonipa haki ya kuamini vingine vyote.

Saa 6 mchana. Mashine inaanza: nyuzi 95 kuitenganisha DNA, nyuzi 60 praima zishike na Taq ijenge, mizunguko 40. Taq haiharibiki kwa joto hilo kwa sababu asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Kila inapoikata probu, mwanga huongezeka, na mashine huusoma papo hapo.

Saa 8. Hapa ndipo ninapopapenda. Sampuli moja imevuka kizingiti, yaani mwanga wake umeanza kuonekana wazi, kwenye mzunguko wa 22, nyingine wa 32. Tofauti ya mizunguko 10, DNA ikijizidisha maradufu kila mzunguko, ni takriban mara 1,000. Mteremko wa mstari wa viwango vya kulinganishia ni -3.4, yaani ufanisi wa kuzidisha DNA wa karibu asilimia 97, safi kabisa. Visima vya maji vimelala chini hadi mwisho.

Imebaki sampuli moja: visima viwili vimepanda kwenye mzunguko wa 37, cha tatu kimya. DNA ikiwa haba kiasi hicho, kisima kimoja chaweza kukosa hata nakala moja. Siandiki "ipo" wala "haipo".

Saa 10 jioni. Nimeitoa upya DNA ya sampuli hiyo, safari hii kwa damu nyingi zaidi. Itaingia kwenye sahani ya kesho, visima sita.