Siku mama mkwe aliponitumia pesa

Leo nimempelekea mteja gauni lake. Amelipa, ameshukuru, ameulizia na watoto. Njiani kurudi nikawa najiuliza: huyu naye aliupata ule ujumbe? Ni zaidi ya mwaka sasa, na bado kila anayenisalimia namtazama machoni kwanza.

Nilikopa laki moja kwenye programu ya simu. Mota ya cherehani ilikufa wiki ya sare za shule, na fundi alitaka pesa mkononi. Makato yalitangulia, nikapokea 70,000, nirudishe laki na ushee ndani ya siku saba. Programu iliomba ruhusa ya kuona namba zote za simu yangu. Nikabonyeza kukubali.

Nilichelewa siku tatu. Ujumbe ukaenda kwa wateja, kwa ustadhi wa madrasa ya mwanangu, kwa mwenyekiti wa kikoba, hadi kwa muuza mkaa. Jina langu kamili, picha yangu, na neno "tapeli".

Fedheha ni neno lililotoka Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kufichuliwa. Aibu naijua, naweza kujifungia nayo chumbani tukamalizana. Fedheha unatendewa, na lazima wawepo watazamaji. Kudaiwa ni kweli nilikuwa nadaiwa, sikatai. Lakini deni lilikuwa la pesa, wao wakaenda kulichukua kwenye jina langu.

Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni, niliisoma orodha yote, jina kwa jina. Nikasoma na Katiba yetu, ibara ya 12, inaposema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Nililia pale kwenye neno "kila".

Ila kilichonivunja hasa hakikuwa ule ujumbe. Mama mkwe wangu yuko Tanga, anauza vitumbua. Alipiga jioni ileile, sauti yake ya kawaida kabisa. "Mwanangu, angalia simu, nimekutumia kidogo." Hakuuliza kitu. Zilikuwa 30,000. Mimi ndiye ninayemtumia yeye ya sukari kila mwezi, na hilo lilikuwa fahari yangu kubwa katika ukoo ule. Walioniita tapeli hawanijui. Yeye ananijua, na ikambidi anisitiri. Sitara ile niliipokea nimekaa sakafuni, nikashindwa hata kusema ahsante vizuri. Mpaka leo sijui kama wifi zangu waliambiwa. Kwa namna ninavyomfahamu, hawakuambiwa.

Mwezi uliofuata nilimrudishia zote. Sikukuu ya Idi akaja Dar na doti ya kanga aliyoinunua kwa pesa hizohizo. Akaikata katikati mbele yangu, upande mmoja akabaki nao, mwingine akanipa.

Wangu upo kabatini. Sijauvaa bado.