Bustani ya maua

Siku ya nne leo, na bado namjibu kichwani Mzee wa Sura ya Tatu, profesa anayesimamia tasnifu yangu: bafuni, kwenye foleni, usiku nikigeuza mto.

Mnakumbuka nilivyolalamika kwamba Vim, programu ninayoandikia, inanipakia faili za LaTeX (maandishi yenye amri za kuyapanga, yanayogeuzwa kuwa PDF) rangi zisizonisaidia kitu. Jumapili nikaketi nikaandika za kwangu ndani ya after/syntax/tex.vim, maana za humo husomwa baada ya zile za programu yenyewe. (Mwanzo niliziweka kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim, juu ya mstari wa colorscheme unaopanga rangi zote, nao ukawa unazifuta. Saa mbili zikaenda hivyo.) Amri bluu, hesabu zambarau, na \kumbuka, ile amri niliyojitungia ya kuwekea viporo, nyekundu. Maoni, yaani yale yanayofuata alama ya asilimia na hayatokei kwenye PDF, nikayapa kijivu hafifu kama vumbi. Ilipendeza, jamani.

Jumatatu akapita nyuma ya kiti changu, akasimama.

"Hii ni tasnifu au bustani ya maua?"

"Ni rangi tu, Profesa. Zinanisaidia kuona."

"Wino ni mweusi, binti yangu." Akaenda zake.

Wino ni mweusi! Ningemwambia kwamba alama moja ya dola, ile inayofungua na kufunga hesabu, ikisahaulika kufungwa, zambarau humwagika hadi chini, nami najua kosa liko wapi kabla sijachapa PDF. Ningemwambia hata yeye hutumia kalamu nyekundu. Badala yake nilicheka kile kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono. Jumanne nikakabidhi sura ya nne, Jumatano tukahama nyumba, na mimi nabeba makasha huku midomo inacheza: hata wewe, Profesa, kalamu yako...

Jana usiku, kwa hasira tu, nikabadilisha kile kijivu. texComment (ndilo jina la maoni kwa Vim), ctermfg=208. Rangi ya chungwa inayopiga kelele.

Sura ya pili ikawaka katikati ya aya. Nilikuwa nimeandika "62% walikubali kuendelea na" bila mkwaju wa kinyume (\) mbele ya asilimia, kwa hiyo LaTeX ikachukulia kila kilichofuata kwenye mstari ule kuwa maoni, ikakitupa bila kunung'unika. Kwenye PDF imebaki "62mafunzo", neno moja, limeshonwa na mwanzo wa mstari uliofuata.

Mzee ameisoma sura hiyo mara mbili na kuisaini. Nilicheka peke yangu mpaka nikalazimika kuinuka.

Halafu nikaketi tena. Kijivu kile nilikichagua mwenyewe, kwa sababu kilipendeza. Sentensi yangu ilikuwa imelala chini ya vumbi nililolimwaga kwa mkono wangu. Bustani ya maua, basi. Sijui nimwambie kesho au nisahihishe kimyakimya. Nadhani nitasahihisha kimyakimya.