Nilivyompata babu yake bibi kwenye daftari la watumwa

Kwetu Pemba ukiuliza habari za utumwa watu wanakukatisha, "baba, hayo yashapita", na mimi nimekua najua sisi Washirazi basi, wenyeji wa hapa hapa. Siku moja tunachambua karafuu barazani bibi akasema babu yake "aliletwa". Hakuongeza neno. Nlimbembeleza karibu mwezi mzima mpaka akanipa jina lake (kaniomba nisilitangaze) na shamba alilokuwa akichuma, upande wa Ole.

Nkapanda boti nkaenda Unguja, Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Siku mbili nlimtafuta kwa jina lake na zote zilipotea bure, maana watumwa walipewa majina yaleyale, Mabruki, Feruzi, Baraka, Almasi, ukurasa mmoja unakuta Mabruki wanne na hakuna hata mmoja mwenye jina la baba. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma meza ya pili akanambia, "Mwanangu, usimtafute mtumwa, mtafute bwana wake." Hilo ndo lililonisaidia kuliko kitu chengine chochote.

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya kuondoa utumwa, ya tarehe 6 Aprili 1897, haikumwacha mtu huru hivihivi, mtumwa ilibidi aende mwenyewe akaombe uhuru wake, na bwana akilipwa fidia. Kwa hivyo anayelipwa kaandikwa vizuri, jina na ubini na anapokaa, na yule aliyeachwa huru kapewa mstari: jina moja, kabila, umri wa kukisia. Iliniuma sana, lakini bila ya zile fidia nadhani hata huo mstari nisingeupata. Na kama unamtafuta bibi aliyekuwa suria, mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, usishangae humuoni, masuria hawakuingizwa kwenye uhuru huo mpaka 1909, huyo jaribu kumtafuta kwenye mirathi na wakfu za bwana.

Nkawaorodhesha wenye mashamba wote wa Ole nliowakuta, siku ya nne nkampata. Jina la bwana naliacha, wajukuu zake tunasali nao msikiti mmoja na hawana kosa. Chini yake watu saba, wa tano ndie. Wino ushageuka kahawia. Mnyasa, yaani mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, miaka kama 30. Nkaweka kidole kando ya ule mstari bila ya kuugusa, nkapiga hesabu, basi kaletwa angali mtoto, pengine hata baada ya 1873, soko la watumwa la mjini Unguja lishafungwa lakini kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na ya kwetu ikasalimika, Pemba ikawa inataka wachumaji na majahazi yakaendelea kuwaleta watu kwa siri.

Nliporudi nkamwambia bibi, Mnyasa. Akauweka ungo chini. Akasema babu yake akitaka maji alikuwa akisema "madzi", na wao watoto wakimcheka wakidhani ni mapengo. Nkampigia rafiki yangu aliyewahi kuishi Malawi, akanambia ndivyo wanavyosema Wanyanja, madzi ni maji. Bibi akalirejea lile neno mara mbili tatu, taratibu, kama analionja. Halafu akaniuliza, "Na mkewe je, humo hukumuona?"

Boti ya Jumatatu narudi Kilimani.