Eti "ni gemu tu bana"

Waliocheza Resident Evil 5 enzi hizo wanakumbuka, ile ya 2009, maadui wengi wanaitwa Majini na wanakufokea kwa Kiswahili. Stori yenyewe iko Afrika Magharibi, sehemu ya kubuni inaitwa Kijuju, sasa Kiswahili kilifikaje huko waulizeni Capcom walioitengeneza. Huko nje kelele zilianza tangu trela ya 2007 kwa sababu ya picha, mzungu na bunduki anafyeka kijiji cha watu weusi, na walikuwa na haki ya kulalamika. Ila kwenye kibanda cha PS pale Mabatini, Mwanza, ishu ilikuwa nyingine kabisa. Madogo wamejazana, saa mbili usiku, wanapiga kelele "jini hilo nyuma yako, ua jini", mama mwenye fremu katoka ndani na kanga yake kiunoni kaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa kazima umeme wote. Hakutaka maelezo. Kwake jini sio kikaragosi, na kulitaja taja usiku kwenye nyumba yake alisema labda ahame yeye.

Sasa mtu atasema aah, imani za wazee hizo, gemu ni gemu. Haya, ngoja niwape nyingine.

Kuna dogo mtoto wa binamu yangu, kwao Nansio, Ukerewe, ana ualbino. Mpira wa uwanjani hauwezi, jua linamchoma na macho yake hayaoni mbali, mwanga ukizidi anafumba. Lakini mpe simu. Anaishika karibu kabisa na pua, yaani ukimwangalia unadhani anainusa, na akiwa kwenye zile gemu za risasi za kushuka na parashuti huyo dogo ni balaa, ndo snaipa wa skwadi, mdunguaji wao wa mbali. Kwenye gemu hakuna jua, na hakuna anayemwona. Ni jina na sauti tu, anaongoza watu wazima "wawili juu ya ghorofa, kushoto kwenye gari mmoja" na wanamtii.

Likizo alikuja kwangu Nyegezi, nikakaa pembeni yake naangalia, spika iko wazi. Skwadi ya wanne, yeye na watatu asiowajua, wote wanaongea Kiswahili, mmoja kwa lafudhi ni wa Dar kabisa. Akatokea adui mmoja kikaragosi chake kimevalishwa nywele nyeupe na ngozi nyeupe, jamaa akapayuka, "Oya zeruzeru huyo, mkateni, dili hilo, tukauze!" Wenzake wakacheka mbavu sina. Dogo hakusema kitu. Akazima maiki, kisha akazima na sauti, akaendelea kucheza kimya kimya na bila shaka wakafa wote maana aliyekuwa anawapa ramani ndo huyo. Kwenye chati wakamwandikia yeye ni boti, yaani mashine, sio mtu. Nikamuuliza vipi, akasema, "Achana nao anko, ndo zao."

Ndo zao. Yaani ameshazoea.

Kama hukukulia Kanda ya Ziwa labda huelewi kwa nini niliinuka kwenye kiti. Kuanzia miaka ya 2006, 2007 hivi, huku Mwanza, Shinyanga, upande wa Geita, watu wenye ualbino walikuwa wanavamiwa usiku, wanakatwa viungo, wengine watoto wadogo kabisa, kisa mganga kamwambia mtu kwamba kiungo kitamletea utajiri. Mambo yalifika mbali mpaka 2008 Rais Kikwete akamteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke mwenye ualbino, na 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wasio na vibali. Na katika miaka hiyo neno ambalo mtu mwenye ualbino alikuwa anarushiwa akipita barabarani lilikuwa hilohilo, dili. Mtu anapita zake kwenda sokoni, kijana kwenye kijiwe anasema "dili hilo linapita". Zeruzeru ni tusi, sawa, watu wengi sasa wanajua. Dili ni kitisho. Huyo dogo alikuwa anasindikizwa shule na kaka zake mpaka darasa la nne, sio kwa sababu ya magari.

Hao jamaa wa kwenye skwadi sidhani hata walikuwa wabaya. Mmoja wao pengine ana mdogo wake nyumbani anampenda. Walikuwa wanaongea tu vile watu wanavyoongea wakiwa hawaoni sura ya mtu.

Nikaripoti. Menyu ina vipengele vyake, udanganyifu, lugha chafu, sijui jina lisilofaa, nikachagua lugha chafu, na jibu likarudi la mashine kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Hapo ndo nikacheka kwa hasira maana gemu hiyohiyo ilishamkatalia dogo kujiita WaliNazi. Nazi kwao ni watu wa Hitler, sisi wengine ni chakula cha mchana. Na ukiandika kwenye chati "semeni mko wapi" inatoka nyota tano na herufi i, eti ndani yake kuna neno la Kiingereza la manii. Lakini matusi ya nguoni ya Kiswahili, yale ukiyasema mbele ya mama unakula kibao, yanapita mazima bila hata nyota moja. Filta inajua Kiingereza tu. Na hata ukiifundisha zeruzeru, dili utaizuiaje? Watu wanasema "nimepata dili" kila siku.

Usidhani lakini hizi kampuni hazijali maneno, zinajali sana, inategemea nani kalalamika. Mwaka 2007 Nintendo waliiondoa Mario Party 8 madukani Uingereza kwa sababu ya neno moja, "spastic", alilolisema mchawi mmoja kwenye mchezo wa treni. Mwezi mmoja kabla, Ubisoft nao walikuwa wameiondoa Mind Quiz kwa neno hilohilo, gemu ilikuwa inamwita mchezaji hivyo akifanya vibaya. Marekani neno hilo halikuwa na uzito huo, ni kama kusema mtu hajatulia. Uingereza ni jina walilokuwa wanaitwa watu wenye mtindio wa ubongo, likageuka tusi la shuleni kiasi kwamba hata shirika lililokuwa linawahudumia lilibadilisha jina 1994 likajiita Scope. Waandishi hawakulijua hilo, lakini diski zilirudi na neno likabadilishwa.

Mwaka uliofuata, 2008, gemu ya LittleBigPlanet ikacheleweshwa dunia nzima, diski zimeshasambazwa, kwa sababu kwenye muziki wake kulikuwa na maneno ya Kurani, kila nafsi itaonja mauti. Hii mimi bado inanipa shida kidogo. Mwenye wimbo alikuwa Toumani Diabaté wa Mali, mpiga kora, Mwislamu, na kwao kuimba hivyo ni kawaida tu. Kwa hiyo walifuta maneno kwenye wimbo wa Mwislamu ili wasiwaudhi Waislamu, hapo sijui niseme nini. Ila waliangalia, umenielewa? Mtu kasikia, kasema, kampuni kubwa ikasimamisha mzigo. Kwa dili ya Kanda ya Ziwa nani atasimamisha nini? Soko letu lenyewe ni bando la shilingi mia tano.

Rafiki yangu mmoja tulibishana sana juu ya hili. Yeye anasema sisi ni watu wa utani, kwenye bao wazee wanatukanana vizuri tu, Simba wanaitwa Makolo, Yanga Utopolo, maisha yanaenda. Kweli. Lakini mtani wako unamjua. Kwenye msiba mtani anaweza kulala kwenye jeneza na kudai hela na hakuna anayekasirika kwa sababu kila mtu pale anajua huyu ni nani na anaruhusiwa kwa nani. Kwenye skwadi ya watu wanne waliounganishwa na sava hujui kama unayemtania alizika dada yake wiki iliyopita. Huo utani umeutoa wapi? Rafiki yangu akasema nimekuwa mzee.

Kinachosaidia kidogo nilichoona ni kupunguza urahisi. Riot Games wenye League of Legends walishajaribu, wakazima chati kati ya timu pinzani, anayeitaka aiwashe mwenyewe kwenye setingi. Watu waliendelea kuongea karibu vilevile, ila maneno mabaya yalipungua karibu theluthi na mazuri yakaongezeka kwa kiasi kama hicho. Hakuna aliyezibwa mdomo, ni ile hatua moja tu ya kwenda kuwasha. 2021 wakaizima kabisa, mimi hapo naona walizidisha, maana hata "umecheza vizuri" nayo iliondoka.

Yule jamaa mwenye kibanda cha Mabatini hana setingi, ana boksi. Kipande cha boksi la televisheni kimebandikwa ukutani kwa selotepu, kimeandikwa kwa makapeni mekundu: UKITUKANA MAMA WA MTU UNAACHA PEDI, HELA HAIRUDI. Nilimsimulia habari ya dogo, hakusema kitu, siku nyingine nimepita nakuta kaongeza chini kwa peni ya bluu, ZERUZERU NA DILI PIA. Mteja wake mmoja mkubwa alishatolewa kwa mstari huo katikati ya mechi, anaongoza mbili bila, akaondoka anasonya na sasa anachezea Kirumba ambako hawana masharti. Mwenye kibanda anasema alikuwa anadaiwa anyway.